Bunduki ya Zamani na Ulinzi wa Nyumba: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kurithi

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu usalama wa makazi yaliyoandaliwa kwa wakazi wa mtaa wa Milimani, Jiji la Nakuru. Yamechapishwa hapa ili yawafikie pia wakazi wa Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, Naivasha na sehemu nyingine za kaunti.



Mada ya leo ni bunduki ndefu ya zamani. Kuna mwenye nyumba aliyeachiwa bunduki na babake. Kuna aliyehamia katika nyumba kuukuu ya hapa Milimani, fundi akapanda darini kuziba paa linalovuja, akakuta kitu kirefu kimefungwa kwa gunia. Kuna pia aliyeambiwa na rafiki kwamba bunduki ya aina hiyo hupatikana kwa bei nafuu kuliko bastola mpya. Wote huuliza swali moja: je, kifaa hiki kinaweza kusafishwa, kikatengenezwa na kuwekwa tayari kwa ulinzi wa nyumba?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, sheria ya Kenya inamruhusu raia kumiliki bunduki, lakini cheti hutangulia na bunduki hufuata. Pili, hata kwa mwenye cheti halali, bunduki ndefu iliyoundwa kwa vita au kwa uwindaji haifai kulinda nyumba ya mtaani. Anayeitegemea anaweza kujiletea hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Hofu ya watu ni ya kweli

Hakuna anayemcheka mtu anayeogopa usiku. Nakuru haijasahau Januari 2008, wakati nyumba zilipochomwa na watu kuuawa hapa mjini na Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa kote nchini katika ghasia hizo zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wapo katika mitaa yetu waliozika ndugu, na wapo waliohama wakarudi. Mbali na siasa, wapo waliovunjiwa milango na wezi. Mtu aliyepitia hayo akitafuta kinga, anatafuta jambo la haki. La kuangaliwa ni kama kinga aliyoichagua itamkinga kweli.

Bunduki hizi zilitoka wapi

Bonde la Ufa lina historia yake ya bunduki. Walowezi waliochukua mashamba ya Njoro, Elburgon, Solai na Elmenteita mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na bunduki za kuwinda na za kufukuza wanyama mashambani. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya, walibeba bunduki ya Uingereza iitwayo Lee-Enfield, yenye risasi za .303. Toleo lake la Vita vya Pili vya Dunia ndilo ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la Mark 4. Hata miaka mingi baada ya uhuru, polisi wa akiba katika maeneo ya wafugaji waliendelea kupewa bunduki za aina hiyo.

Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa burudani. Bunduki nyingi zilizokuwa zikitumika porini zikabaki bila kazi. Baadhi zilirudishwa kwa serikali, baadhi zikaendelea kulipiwa cheti kila mwaka, na baadhi wenyewe walizifungia kabatini wakazisahau. Mwenye bunduki akafariki, watoto wakagawana shamba na ng'ombe, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu kile kitu cha juu ya dari.

Lee-Enfield ni chombo kilichoundwa vizuri. Ina urefu wa takriban mita 1.13, uzito wa takriban kilo 4, na hubeba risasi 10. Alama za kulengea za bunduki iliyotumika katika Vita vya Kwanza zilipimwa hadi yadi 2,000, yaani karibu mita 1,830. Waliopima alama hizo walifikiria askari aliye handakini, adui yuko ng'ambo ya uwanja mpana. Hawakufikiria baba aliyesimama gizani kwenye ujia wa nyumba, watoto wamelala vyumba vya pande zote mbili.

Sheria inasema nini

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Ni wakati ambapo kupatikana na silaha kungeweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi alihukumiwa kifo mwaka 1956 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Februari 18, 1957. Adhabu hiyo ya kikoloni imepita, na sheria yenyewe imefanyiwa marekebisho mara nyingi, lakini msingi wake haujabadilika: ni kosa kununua, kupokea au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Adhabu yake ni kifungo cha miaka mingi.

Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya kubeba silaha, kama ilivyo katika Katiba ya Marekani. Hapa kwetu bunduki ni ruhusa inayotolewa kwa masharti, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Mwenye kutoa ruhusa ni Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo ni chombo cha Serikali ya Kitaifa. Desemba 2018 wenye leseni wote nchini waliamriwa kujitokeza wakaguliwe upya pamoja na silaha zao.

Ofisi za kaunti hazitoi leseni ya bunduki, haziifuatilii wala haziiharakishi. Anayejidai kuwa afisa wa kaunti na kuomba pesa ili apitishe ombi la bunduki ni tapeli, naye aripotiwe kwa polisi.

Kuna mambo manne ya kukumbuka kuhusu cheti.

Kwanza, cheti ni cha mtu, wala si cha nyumba wala cha familia. Baba akiwa na cheti, mama hana. Mtoto wa kiume hana. Bawabu wa lango hana. Mwenye cheti akisafiri kwenda Mombasa wiki nzima, hakuna aliyebaki nyumbani mwenye ruhusa ya kuigusa bunduki ile. Siku hizo saba nyumba haina mlinzi zaidi, ila ina mali moja zaidi ya kuibwa.

Pili, cheti hutaja bunduki mahususi pamoja na idadi ya risasi zinazoruhusiwa. Nambari iliyochongwa kwenye chuma ndiyo inayoandikwa. Cheti cha bastola hakifuniki bunduki ndefu, wala cheti cha bunduki moja hakifuniki ya pili.

Tatu, cheti hudumu mwaka mmoja na hufanywa upya. Cheti cha mwaka 1989 kilichohifadhiwa katika bahasha ya khaki ni ushahidi wa historia tu. Hakimruhusu mtu yeyote kumiliki bunduki leo.

Nne, cheti hakirithiwi. Mwenye cheti akifariki, ruhusa yake imekwisha. Wosia unaweza kumpa mtoto shamba, nyumba na gari, lakini hauwezi kumpa ruhusa ya kukaa na bunduki.

Aliyeikuta nyumbani afanye nini

Chukua mfano wa familia inayosafisha nyumba ya mzee baada ya arubaini. Chini ya kitanda kuna sanduku, na ndani ya sanduku kuna bunduki na pakiti mbili za risasi zilizoota kutu. Mara nyingi ndugu hugawanyika. Mmoja anataka izikwe shambani. Mwingine anataka aende nayo kwake kwa sababu kwake kuna wezi. Wa tatu anajua mnunuzi. Yote matatu ni makosa, na yote yanaweza kumfikisha mtu kortini akiwa bado amevaa nguo za matanga.

Njia iliyo salama ni hii:

1. Isiguswe. Ichukuliwe kuwa ina risasi mpaka mtu anayeijua athibitishe vinginevyo. Watu wengi wamepigwa risasi na bunduki iliyosemekana kuwa tupu. Watoto watolewe, chumba kifungwe, na ufunguo ushikwe na mtu mzima mmoja.

2. Polisi waarifiwe siku hiyohiyo. Aende mtu kituoni, au chifu na mzee wa Nyumba Kumi wahusishwe ili polisi waje nyumbani. Bunduki isibebwe kwenye matatu wala bodaboda kupelekwa kituoni. Aliyesimamishwa njiani akiwa nayo atakuwa na kazi ngumu ya kueleza alikokuwa akienda.

3. Karatasi zitafutwe. Cheti cha marehemu, hata kama muda wake umekwisha miaka mingi iliyopita, husaidia kuonyesha kwamba bunduki iliingia kwa njia halali na haikuibwa kwa mtu.

4. Nambari ya OB ichukuliwe, pamoja na maandishi ya kilichopokelewa: aina ya bunduki, nambari yake na idadi ya risasi. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na hati za urithi. Ndiyo kinga ya familia iwapo swali litaulizwa miaka kumi ijayo.

5. Mrithi anayetaka kuimiliki aombe cheti kwa jina lake, huku bunduki ikiwa mikononi mwa polisi. Asikae nayo kwanza na kuomba baadaye.

Mara kadhaa serikali imetoa muda wa kusalimisha silaha bila mtu kushtakiwa, na silaha nyingi zilizokusanywa nchini zimeharibiwa hadharani. Novemba 2016, kwa mfano, silaha 5,250 zilichomwa moto Ngong. Lakini hakuna haja ya kungoja tangazo kama hilo. Anayekwenda mwenyewe mapema, na maelezo yake yamenyooka, yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa.

Anayetaka kununua

Anayetaka kununua aanze na maombi. Mwombaji hueleza sababu ya kutaka silaha. Huchunguzwa rekodi yake ya jinai, afya yake ya akili na mwenendo wake. Maombi hupitia kwa polisi na vyombo vya usalama vya eneo anakoishi kabla ya kufikia Bodi. Mafunzo ya kutumia silaha yanahitajika. Mtu mwenye historia ya ulevi, ya kupiga mke au mume, au ya ugomvi na majirani asishangae akikataliwa, na jamaa zake wasisikitike.

Akishapata ruhusa, hununua kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, au kwa mwenye cheti kwa kufuata utaratibu wa mamlaka. Hakuna ununuzi halali wa bunduki unaofanyika ndani ya gari, nyuma ya baa au kwa kutumiwa mpesa na kuambiwa mzigo utaletwa.

Bunduki ya gizani ina shida nyingine ambayo wanunuzi huisahau. Kila bunduki huacha alama zake kwenye ganda la risasi na kwenye risasi yenyewe, na maabara ya DCI huzilinganisha alama hizo. Aliyenunua bunduki isiyo na karatasi hajui ilikopita. Ikiwa ilitumika katika mauaji ya barabarani miaka mitatu iliyopita, uchunguzi utaishia kwenye nyumba iliyokutwa nayo.

Bunduki kuukuu pia huwa na maradhi yake. Risasi za .303 za wakati wa vita zilikuwa na chumvi katika fataki zake, na chumvi hiyo huachwa ndani ya mtutu kila inapopigwa. Mtutu usiposafishwa vizuri, hufanya kutu kutoka ndani ambapo macho hayafiki. Mti wa kitako hupasuka. Komeo linaloziba nyuma ya risasi huchakaa, na likichakaa kupita kiasi ganda linaweza kupasuka karibu kabisa na uso wa mpigaji. Kwa hiyo ukaguzi ni kazi ya fundi wa silaha aliye na idhini. Fundi wa vyuma wa jua kali, hata awe hodari namna gani kwa malango na majembe, hana ruhusa ya kurekebisha bunduki, na anayempelekea anamtia naye hatiani. Kukata mtutu ili bunduki iwe fupi ni kujitafutia kosa juu ya kosa. Risasi kuukuu nazo zikabidhiwe polisi, zisijaribiwe shambani.

Ikishaingia ndani ya nyumba

Tuseme sasa kila kitu kimefuatwa. Cheti kipo, fundi ameikagua, na bunduki imefika Milimani. Je, inalinda nyumba?

Sheria inamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote, na kupotea kwake kuripotiwe mara moja. Kwa bunduki ndefu maana yake ni sefu ya chuma yenye urefu wa kutosha, iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, na risasi zimefungiwa mahali pake. Hilo ndilo sharti la kwanza la usalama kwa nyumba yenye watoto.

Lakini mwizi haji kwa miadi. Saa nane usiku kioo kinavunjika. Mwenye nyumba anaamka, anatafuta ufunguo, anafungua sefu, anafungua kasha la risasi, anapakia gizani mikono ikitetemeka, kisha anatoka na chuma cha mita 1.13 katika ujia usiomruhusu hata kugeuka bila kugonga ukuta. Aliye karibu naye anaweza kuushika mtutu na kuusukuma kando. Ili kuepuka safari hiyo ndefu, wengine huamua kuiweka chini ya kitanda ikiwa na risasi. Hapo wamevunja sheria, na wamemwekea silaha mtoto anayecheza kujificha, kijana aliyekata tamaa, au mwizi atakayeingia mchana nyumba ikiwa tupu.

Kisha kuna risasi yenyewe. Risasi ya .303 ya kijeshi ina uzito wa takriban gramu 11 na hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 740 kwa sekunde. Nguvu yake ni karibu mara sita ya risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9. Hupita mlango wa mbao, hupita mabati, hupita ukuta mwembamba, na ikitoka upande wa pili bado inaweza kuua.

Milimani ya zamani ilikuwa ya nyumba moja katikati ya bustani kubwa. Milimani ya leo ina nyumba za ghorofa, nyumba za wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, hosteli, na walinzi wanaosimama kila lango. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na jiji maana yake ni watu kukaa karibu. Risasi iliyomkosa mwizi sebuleni haiishii sebuleni. Inaendelea kwenda kwa jirani ambaye hakuomba kulindwa namna hiyo.

Baada ya risasi kupigwa

Wengi huamini kwamba aliyeingia kwako bila ruhusa unaweza kumpiga risasi na jambo likaisha. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inampa mtu nafasi ya kujitetea yeye na mali yake, lakini mahakama huuliza kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya lazima na ililingana na hatari iliyokuwepo. Aliyepigwa risasi akikimbia na televisheni hakuwa akihatarisha maisha ya mtu. Aliyepigwa mgongoni huleta maswali magumu zaidi.

Kaunti yetu ina mifano inayojulikana na nchi nzima. Aprili 2005, katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, Thomas Cholmondeley alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, mfanyakazi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ole Sisina alikuwa kazini, lakini alikuwa amevaa nguo za raia. Aliyempiga alisema alidhani amekutana na majambazi. Mashtaka yaliondolewa na Mwanasheria Mkuu, na hasira ikawaka kote Bonde la Ufa.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika shamba hilohilo, Robert Njoya, fundi wa kuchonga mawe, alikufa kwa risasi ya bunduki. Safari hii Cholmondeley alieleza kwamba alikuwa amewafyatulia mbwa waliokuwa na watu waliotega wanyama. Mei 2009 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane. Kufikia wakati huo alikuwa amekaa rumande karibu miaka mitatu.

Watu walibishana sana kuhusu haki katika kesi hizo mbili, na bado wanabishana. Kwa mwenye nyumba wa kawaida, somo lake ni dogo na liko wazi. Katika kisa cha kwanza mtu aliyedhaniwa kuwa jambazi hakuwa jambazi. Katika cha pili, aliyesema alilenga mbwa, mtu ndiye aliyekufa. Yote mawili yalitokea kwenye shamba kubwa lenye nafasi, si katika nyumba yenye giza na ukuta wa jirani mita chache kutoka dirishani. Anayebisha hodi usiku hapa mtaani anaweza kuwa mwana aliyerudi kutoka chuoni bila kupiga simu, jirani mgonjwa anayetafuta gari, au polisi waliokosea nyumba.

Kinga iliyo mikononi mwa kaunti na mwananchi

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Polisi na ulinzi wa taifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Lakini taa za barabarani zimewekwa chini ya kaunti. Leseni za mbwa, vivyo hivyo, ziko chini ya kaunti. Vitu hivyo viwili, taa na mbwa, huonekana vidogo mbele ya bunduki, lakini vina faida ambayo bunduki haina: hufanya kazi kabla mwizi hajaingia, na hufanya kazi hata mwenye nyumba akiwa safarini.

Taa ya barabara iliyozimika iripotiwe kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, pamoja na nambari ya mlingoti au jina la nyumba iliyo karibu. Wakazi wasifikiri kuwa mwingine ameshasema. Ndani ya boma, taa iwekwe mahali pa kummulika anayeingia, isimulike dirisha la mwenye nyumba na kumwacha mgeni gizani. Ua wa michongoma upunguzwe mpaka kimo ambacho mtu hawezi kujificha nyuma yake, hasa karibu na lango. Matawi ya jakaranda yaliyoinama juu ya ukuta yakatwe, maana huwa ngazi ya bure.

Mbwa apewe leseni, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na afungiwe mchana. Mbwa anayebweka ni kengele isiyohitaji umeme. Mbwa asiyechanjwa anayezurura ni hatari kwa watoto wanaokwenda shule.

Mlango wa chumba cha kulala uwe wa mbao nzito, wenye komeo la ndani, ili familia ipate mahali pa kujifungia na kupiga simu. Dakika tano nyuma ya mlango mzuri zina thamani kuliko dakika tano za kutafuta risasi gizani. Wenye vyuma madirishani wahakikishe angalau dirisha moja linafunguka kwa ndani, na ufunguo unajulikana na wote, kwa sababu moto nao huja usiku.

Anayeajiri mlinzi ahakikishe kampuni imesajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016. Mlinzi apewe simu yenye salio, tochi, kengele na mahali pa kujikinga mvua. Mlinzi anayedaiwa mshahara wa miezi miwili si mlinzi.

Mwisho ni majirani. Nyumba Kumi ilianzishwa mwaka 2013 ili watu wajuane. Kila kundi la nyumba liwe na orodha ya nambari za simu, ishara moja ya dharura inayojulikana, na makubaliano ya nani atawasha taa, nani atapiga king'ora na nani atawapigia polisi. Kelele ya nyumba kumi zilizoamka kwa pamoja huwatimua wezi ambao bunduki moja ya zamani haingewatimua. Na ikitokea kelele ni ya bure, hakuna aliyeumia.

Nambari za dharura za polisi ni 999, 112 na 911, na hupigwa bila malipo. Mwenye bunduki asiyo na cheti, au anayejua ilipo, asingoje kesho. Aende kituo cha polisi kilicho karibu au amwone chifu. Mwenye taa iliyozimika aende kwa msimamizi wa wadi wiki hii.